Nipe Kikombe cha Plastiki

12 Februari

Dada,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize. Nikianza tu unanipa jibu, na jibu lenyewe ni la swali la mtu mwingine. Barua huwezi kuikatiza. Utaisoma mpaka chini, na ukikasirika utamkasirikia shemeji aliyeileta, maana yeye ameshazoea. Nimemwambia aiweke kiti cha mbele cha lori, isikae na mifuko ya saruji.

Sisi wazima, kwa kiasi cha watu wanaoamshwa na jino. Mtoto wetu Mheshimiwa sasa anakaa bila kushikwa, na anatazama watu kama bosi anayesubiri maelezo. Baba yake wamempenda huko kiwandani, friji zote za maziwa sasa zinamngoja yeye. Chumba tulichopanga kiko nyuma ya duka la mikate, kwa hiyo tunaamka na harufu nzuri na tunalala na joto.

Sasa habari ya kanisa. Uliniuliza kama nimepata kanisa, nikasema ndiyo, ukasema Bwana asifiwe, ukahamia kwenye bei ya vitunguu. Hukuuliza limenipokeaje.

Ibada ikiisha hapa kuna chai. Ukumbini, karibu na dirisha, ipo meza yenye kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, vikombe vya udongo na visahani vyake, na biskuti zimepangwa mstari kama askari. Hiyo ni meza ya wageni. Wenyeji hawanywei hapo. Wenyeji wanasukumana jikoni na vikombe vya plastiki vya kila rangi, wamesimama, wanaosha vyombo, wanataniana, wanaulizana habari za wagonjwa na za waume. Kicheko chao kinatufikia mezani kama redio ya jirani. Sisi wageni tunakaa tumenyooka, tumeshika visahani kwa mikono miwili, tunaambiana chai ni nzuri.

Siku ya kwanza nilifurahi, sitasema uongo. Nilikuwa hoi, na mtu akanikorogea sukari. Lakini Dada, nilianza kukaa kwenye meza hiyo Mheshimiwa hana hata dalili ya jino, na leo ananing'ata. Bado mimi ni mgeni. Pembeni yangu anakaa mke wa mwalimu wa hesabu, mwanamke mpole sana. Kumbe yeye yuko pale tangu ana mimba ya kifungua mimba wake, na huyo mtoto sasa anajua kusoma.

Jumapili hii nilimaliza chai, nikachukua kikombe changu na cha mke wa mwalimu, nikaenda navyo jikoni. Niliishia mlangoni. Yupo mama pale, ndiye mwenyekiti wa akina mama. Mimi namwita Mama Aproni kwa sababu hata mahubiri anayasikiliza akiwa ameivaa. Akanipokea vikombe kwa tabasamu pana, akaniambia, "Mgeni haoshi kikombe hapa, mama. Rudi ukae." Akanigeuza kwa mabega, taratibu, kama anayegeuza kiti kitazame mbele. Jikoni wote wakatabasamu. Hakuna aliyenitukana. Ningetukanwa ningejua la kujibu.

Na kila Jumapili tunaambiwa wageni wasimame waimbiwe. Wimbo uleule, makofi yaleyale. Jumapili moja sikusimama. Mhudumu wa mlangoni, mzee mmoja mwenye viatu vinavyolia, akatoka mahali pake, viatu vikalia kanisa zima, akanigusa bega. "Mama, wageni wanasimama." Nikasimama. Mheshimiwa akapiga makofi.

Wewe ndiye mkuu wa makaribisho huko nyumbani, kazi hiyo umeifanya tangu mimi navaa soksi za shule. Niambie basi. Mtu anaacha lini kuwa mgeni? Kuna kengele inapigwa? Maana mimi sijaisikia.

Mdogo wako,
Mama Mheshimiwa


26 Februari

Kitinda mimba wetu,

Neema na amani zikufikie, na usingizi pia kama unapatikana.

Barua yako nimeisoma mpaka chini kama ulivyoagiza, kisha nikairudia nikitafuta kosa ulilotendewa. Sijaliona. Wamekuwekea kitambaa cheupe, ukalia. Wamekukataza kuosha vyombo, ukalia. Mimi mwaka mzima natafuta mtu wa kunikataza kuosha vyombo sijampata. Shemeji yako nimemsomea akiwa anakula, akauliza hilo kanisa liko wapi na kama wanapokea madereva.

Nikueleze jambo usilolijua. Meza ya wageni hapa kwetu ni mimi niliyeianzisha. Kile kitambaa nilikidarizi pembeni kwa mkono wangu, wewe ukiwa sekondari. Kabla ya hapo wageni walikuwa wanasimama mlangoni kama wadai. Leo mgeni anakaa, anahudumiwa, anaondoka ameheshimika. Yupo fundi cherehani mmoja, mama mwembamba aliyehamia kwa mwanawe, ana muda mrefu na sisi. Kila Jumapili mimi mwenyewe namkorogea chai, siwaachii wasichana. Hajawahi kulalamika hata siku moja. Anainama kidogo, anasema asante mama, basi.

Wewe tangu utoto ukipewa kiti unauliza kwa nini si benchi. Kuwa na subira. Uso wako nao ulainishe, maana naujua. Mtu mwenye uso huo hata mimi ningeogopa kumpa sahani za kuosha.

Mwambie Mheshimiwa gauni lake la siku ya kuwekwa wakfu nimeshaagiza kwa huyo huyo fundi cherehani. Jeupe, lenye vifungo mgongoni.

Mimi dada yako


10 Machi

Dada,

Asante kwa gauni. Subira nimeipokea pia, nimeiweka kabatini.

Sasa soma hili ukiwa umekaa. Majuma mawili yaliyopita nilishikwa na homa. Baba Mheshimiwa alikuwa amepelekwa tawi lingine kutengeneza majokofu, halali nyumbani. Nilikuwa siwezi kusimama, na mtoto sasa anatambaa mbio kuelekea kila kitu cha moto. Nilimfunga shuka kiunoni, ncha ya pili nikajiviringishia mkononi, nikalala sakafuni. Akivuta naamka. Hivyo ndivyo nilivyougua, Dada, kama mchunga mbuzi aliyelala. Sikukuambia kwenye simu kwa sababu ungepanda lori.

Jumapili iliyofuata nikaenda kanisani, miguu bado inatetemeka. Mama Aproni akanipokea mlangoni kwa furaha. "Wageni wetu, tuliwakosa. Mlisafiri?"

Nikasema ndiyo. Nikakaa nikinywa chai yao kwenye kikombe chao kizuri, na sikumwona mtu hata mmoja ukumbini ambaye ningeweza kumwambia niliugua. Tusi litanitoka sasa hivi, naruka mstari.

Nikaenda kwa mchungaji kuomba Mheshimiwa awekwe wakfu. Ni kijana mwema, alikuwa juu ya ngazi anabadilisha taa. Akasema Jumapili ya tatu ya Aprili inafaa, nikapange na akina mama. Maana hapa wana desturi yao, na desturi yenyewe ni nzuri mpaka inauma. Mtoto hapelekwi mbele na wazazi. Akina mama wanajipanga bega kwa bega kutoka mlangoni mpaka alipo mchungaji, na mtoto anapita mikononi mwao, kila mmoja akimnong'oneza neno sikioni kabla ya kumpitisha kwa mwenzake. Nilishaiona mara moja nikiwa kiti cha nyuma. Nilijifuta macho na nepi, safi lakini.

Nikamfuata Mama Aproni. Akafurahi kweli, akamshika Mheshimiwa mashavu. Kisha akauliza, "Na watu wenu wanafika lini, tuwatengee viti vya mbele?"

Nikauliza watu gani.

"Wa kumpokea mtoto. Mgeni anakuja na watu wake, mama. Sisi hatuwezi kuwapora nafasi."

Kumbe ndivyo inavyokwenda. Mtoto wa mwenyeji anapita mikononi mwa kanisa. Mtoto wa mgeni anangojea ndugu zake washuke kwenye basi. Nilimuuliza mke wa mwalimu ilikuwaje kwao. Ndugu zao wako mbali, hawakuweza kufika. Mume wake alimbeba mtoto peke yake kutoka mlangoni mpaka mbele, njia yote tupu, na kanisa likapiga makofi. Alinisimulia huku anakunja kitambaa cha mikono, anakikunja, anakikunja, mpaka kikawa kama donge la sukari.

Nikamwambia Mama Aproni, watu wangu ni nyie. Akacheka, akanipiga bega, akasema nina maneno matamu kama mtangazaji. Hakuelewa kwamba nilikuwa namjibu.

Baba Mheshimiwa anasema tuhame kanisa. Anasema hili ni friji la taa tu, ukilifungua linakuwakia usoni, lakini maziwa ndani yameganda kwa kuharibika. Mimi sitaki kuhama. Nikihama nitaanza upya kwenye meza nyingine. Nataka mtoto wangu awe na mikono ya kumdaka katika mji huu ambao baba yake anaondoka na mimi naugua. Ni hilo tu, na silioni kuwa kubwa.

Nipe ushauri. Mahubiri ninayo ya kutosha.

Na yule fundi cherehani wako. Unasema hajawahi kulalamika. Alalamike kwa nani? Ana wajukuu? Walipita mikononi mwa nani? Muulize, Dada. Usimkorogee chai, muulize.

Mdogo wako


18 Machi

Mdogo wangu,

Shemeji yako anaondoka sasa hivi, naandika huku anapiga honi.

Habari ya shuka imenitoa machozi, na nitakupiga nikikuona. Kuugua bila kuniambia.

Ushauri wangu ni huu, usijidhalilishe kwa kuomba. Nakuja. Nitakuja na shangazi wote wawili, na mama mdogo, na wanakwaya wenzangu watakaoenea. Shemeji yako atasafisha lori. Tutajipanga toka mlangoni hadi kwa mchungaji wao, tena mstari utazidi, wengine watasimama nje. Wajue mtoto huyu ana watu.

Kuhusu fundi cherehani, ana shughuli nyingi. Sijamwona siku za karibuni. Gauni litachelewa kidogo.

Dada


2 Aprili

Dada,

Usije.

Nakupenda, na nikifikiria shangazi wakishuka kwenye lori la saruji wamevaa kofia zao nacheka peke yangu mpaka Mheshimiwa ananishangaa. Lakini usije. Ukija na mstari unaomwagika nje, watatupigia makofi, watawapa viti vya mbele na vikombe vizuri, na jioni lori litaondoka na watu wangu wote. Jumatatu nitabaki na nani? Itakuwa imethibitishwa mbele ya kanisa zima kwamba watu wangu wako kwingine. Nitaimbiwa wimbo wa wageni mpaka nizikwe.

Sasa nikueleze nilichofanya, ujiandae kuaibika.

Jumapili baada ya ibada sikukaa kwenye meza. Nilimfunga Mheshimiwa mgongoni, nikakunja mikono ya gauni, nikaenda moja kwa moja jikoni nikashika sufuria la chai, lile kubwa lililoungua chini. Nikaanza kusugua. Kicheko kikakatika kama mtu kachomoa waya.

Mama Aproni akaja na tabasamu lake. Akasema yale yale, mgeni akae. Nikaendelea kusugua. Akanishika mabega anigeuze, na mimi safari hii sikugeuka. Ndipo tabasamu likamtoka. Akaniuliza wamenikosea nini. Wananipa nafasi, wananipa vikombe vizuri ambavyo wao wenyewe hawavigusi.

"Mama," nikamwambia, "kikombe kizuri nimechoka nacho. Nipe kikombe cha plastiki."

Nikawaambia na wengine, kwa sauti ya kawaida tu, mikono yangu ikiwa kwenye maji. Niliwaambia habari ya homa na shuka. Niliwaambia mtoto wa mwalimu alipita njia tupu, nao wakapiga makofi. Niliwaambia siyo adabu kumkalisha mtu mpaka asahau kusimama. Sauti ilianza kunipanda, na Mheshimiwa mgongoni akaanza kulia, kwa hiyo sehemu ya mwisho sijui kama waliisikia.

Mmoja akacheka kicheko cha woga. Mama Aproni akafungua aproni yake, mara ya kwanza naona nguo iliyo chini yake, akaitundika msumarini, akatoka nje. Nilimaliza sufuria peke yangu.

Sasa inasemwa kuwa nimekataa ukarimu. Inasemwa nilimfukuza mwenyekiti jikoni kwake. Mchungaji alikuja nyumbani akakaa kwenye kiti chetu kibovu, akauliza kama niko tayari kuahirisha siku ya mtoto mpaka watu watulie. Nikasema hapana, siku ni ile ile. Akauliza nani atakuwa kwenye mstari. Nikasema sijui. Akasema na yeye hajui. Alikuwa na huruma, lakini huruma yake haikuwa na mikono.

Kwa hiyo itawezekana baba Mheshimiwa akambeba mwenyewe. Nimemwambia tukifika hapo, watu wasithubutu kupiga makofi.

Swali langu la fundi cherehani umeliruka kama mtu anayeruka dimbwi. Nimeona.

Mdogo wako


11 Aprili

Mdogo wangu,

Nimekasirika, na kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwandikia nakuandikia wewe.

Nilikwenda kwa fundi cherehani kufuata gauni. Kwake sikuwahi kufika, nilielekezwa na muuza mkaa. Akanipokea vizuri, vizuri mno. Akanikalisha chumba cha mbele, akatandika kitambaa mezani, akaniletea chai kwenye kikombe chenye kisahani. Chumba cha nyuma walikuwepo wanawake, jirani zake, wanapiga pasi na kukunja sare za shule huku wanacheka. Nikasema niingie niwasalimie. Akasema, "Mgeni akae." Nikasema basi nisaidie kukunja, nguo ni nyingi. "Mgeni hakunji nguo hapa, mama." Kila nikinyanyuka ananirudisha kwa mabega. Biskuti akaniongezea bila kuuliza. Kule nyuma wanachekea kitu, na mimi mtu mzima niko peke yangu, nimeshika kisahani kama mzigo uliosahauliwa stendi.

Nikamuuliza mbona haonekani kanisani. Akasema alikwenda kumzika mama yake, akarudi.

Kumzika mama yake. Na sisi tuna kikundi cha kufariji wafiwa, tuna mpaka sare. Nikamwambia kwa ukali, nakiri kwa ukali, mbona hukutuambia.

"Ningemwambia nani?" akasema. "Mimi pale mgeni."

Akanikorogea sukari. Mwenyewe, hakuwaachia wasichana.

Nilitoka nimekasirika mpaka gauni nikalisahau. Njia nzima namjibu kichwani. Nikasema ana kiburi. Nikasema hana shukrani. Nilipofika nyumbani nikakuta hasira haitaki kukaa kwake, ikakataa kabisa, kama nguo ya mtu mwingine. Nikajaribu kukukasirikia wewe kwa sababu ndiye uliyeuliza. Kwako ilikaa kidogo, ikatoka. Sasa niko nayo hapa na sijui niiweke wapi.

Jumamosi nikaingia ukumbini, nikavua kile kitambaa changu cha meza, chenye darizi. Mhasibu wa kanisa akaniuliza kinakwenda kufuliwa. Nikamwambia kinakwenda kukatwa. Nikampelekea fundi cherehani, nikamwambia ashone aproni, mpaka kitambaa kiishe. Hakucheka, lakini alichukua mkasi. Jumapili wageni walikuta meza ya mbao tupu yenye madoa, wakadhani tumeibiwa.

Ndani ya furushi hili kuna gauni la Mheshimiwa, nililichukua nilipofuata aproni. Chini yake kuna aproni. Hiyo ni yako. Ukiona maua ya darizi pembeni, ni ya mkono wangu.

Sitakuja. Umenikataza na sikuzoea kukatazwa na wewe, lakini sitakuja. Shangazi wamenuna.

Dada yako


14 Aprili

Kwa Mama Mheshimiwa,

Barua hii naituma kwa mhudumu wa mlangoni kwa sababu nikija mwenyewe tutagombana, na wewe una mtoto mgongoni, haitakuwa haki.

Nimekaa na maneno yako na bado yananiudhi. Ulisema tunawakalisha watu mpaka wanasahau kusimama. Nikueleze. Mimi niliolewa kuja mji huu nikiwa mdogo kuliko wewe. Siku ya kwanza nilipoingia kanisa hili nilipewa sufuria. Sikuulizwa jina. Nilisugua nikiwa na mimba, nikasugua mtoto akiwa mgongoni, nikasugua nikiwa nimefiwa. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia, mama, kaa. Nikasema nikipata cheo, mwanamke akiingia mlango ule atakaa. Atapewa kikombe kizuri. Hicho ndicho ulichonitupia usoni mbele ya watu, na nilivitafuta vikombe vile kimoja kimoja.

Homa yako sikuijua. Hilo nalikubali. Ulipaswa kuniambia, na mimi nilipaswa kuuliza vizuri. Kuuliza mlisafiri si kuuliza.

Jumapili tunaanza kupika mapema, kabla mapambazuko hayajakolea. Masufuria ni mengi. Usivae nguo nzuri.

Kuhusu mstari wa mtoto siahidi kitu. Akina mama wamegawanyika, wengine wanasema unatufundisha adabu kwetu. Siwezi kumburuta mtu asimame.

Mwenyekiti wa akina mama


24 Aprili

Dada,

Mikono yangu inanuka moshi, usiishangae karatasi.

Nilikwenda mapema nimevaa aproni yako. Mama Aproni alitazama darizi, akauliza nani kashona, nikamwambia dada yangu. Akasema mshono umepinda. Nikasema na yeye mwenyewe ndivyo alivyo. Hakucheka ila puani. Tulisugua masufuria hatusemezani, kila mtu na lake, kama wake wenza. Chai ilipoiva akanisukumia kikombe cha plastiki cha kijani, sikio limekatika, chai yenyewe vuguvugu. Nilikunywa nimesimama. Dada, sijawahi kunywa chai mbaya hivyo nikaimaliza.

Ibada ikaanza. Wakasema wageni wasimame. Nikakaa. Viatu vya mhudumu vikaanza kulia kuja upande wangu. Mama Aproni alikuwa mstari wa mbele, hakugeuka hata shingo, akasema tu kwa sauti, "Huyo ana masufuria." Viatu vikarudi.

Kisha Mheshimiwa akaitwa. Tulikuwa mlangoni, mimi na baba yake, gauni limembana kidogo tumboni maana nilikupa kipimo cha zamani. Mchungaji mbele kabisa, mikono kainyoosha. Katikati, njia tupu. Na hakuna aliyenyanyuka. Nilimsikia baba Mheshimiwa akivuta pumzi, anajiandaa kutembea. Nikamshika shati.

Wa kwanza kutoka alikuwa mke wa mwalimu, yeye mgeni mwenzangu, na uso umemvimba kwa woga. Akasimama mbele yangu. Akafuata Mama Aproni, na aproni yake, analalamika kwa goti. Akafuata yule aliyecheka jikoni. Wakatoka wachache wengine, mmoja mmoja, wanatazama chini kama watu wanaochelewa. Wengi wakabaki wamekaa. Wapo niliosugua nao sufuria asubuhi ile ile wakabaki wamekaa, nimewaona, na sijawasamehe bado, nitawasamehe nikipata usingizi.

Nikamtoa mtoto. Akapita mkono wa kwanza, wa pili, wakimnong'oneza. Mama Aproni alimnong'oneza kwa muda mrefu mpaka Mheshimiwa akamshika pua. Lakini mstari ulikuwa mfupi, Dada. Ulifika katikati ya kanisa ukaisha. Mama wa mwisho akabaki kasimama na mtoto mikononi, mbele yake hakuna mtu, na mchungaji bado yuko mbali. Nikafikiri, basi, hapa ndipo watakapopiga makofi.

Mke wa mwalimu ndiye aliyeanza. Yeye alikuwa ameshampitisha, kazi yake imekwisha. Akatoka nafasi yake ya mlangoni, akakimbia pembeni ya viti, akaja kusimama mbele ya yule wa mwisho, akafungua mikono. Mama Aproni akaona. Akashika goti lake, akakimbia na yeye, aproni inapepea, kanisani, mwanamke wa umri ule, akajipanga mbele ya mke wa mwalimu. Wakafuata wote. Kila aliyempitisha anazunguka mbio kwenda mbele kumpokea tena. Mheshimiwa akadhani ni mchezo wake, akacheka kwa sauti kila anapoona uso aliokwisha kuuona. Na mimi nikajikuta nakimbia nao, kwa hiyo aliyemkabidhi kwa mchungaji ni mimi, nikihema, na sikuwa na neno la kumnong'oneza. Nikampulizia tu sikioni.

Usianze kutoa shukrani za kwaya. Meza ya wageni bado ipo na kitambaa chake. Waliokaa bado wamekaa. Jana nilimuuliza Mama Aproni mke wa mwalimu anaanza lini jikoni, akasema taratibu. Nikamwambia taratibu ndiyo iliyomweka pale mpaka mtoto wake akajua kusoma. Tukagombana tena. Leo asubuhi kapita kwangu, hakubisha hodi, kamchukua Mheshimiwa akaondoka naye sokoni, akaniambia nilale. Nililala mpaka mkate wa mchana ukatoka.

Lakini nimeamka na jambo moja. Uliandika kwamba kitambaa kimekatwa mpaka kikaisha. Umeniletea aproni moja, na nyingine najua umewagawia akina mama wa huko kwa hotuba. Hukuandika popote kama fundi cherehani mwenyewe alibaki na yake.

Kama hakubaki nayo, Dada, vua yako umpelekee. Usimpelekee na biskuti. Mwambie masufuria yamekushinda.

Mdogo wako,
Mama Mheshimiwa